Mkasi wa Mgeni Rasmi

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini siwezi kulitaja hapa. Jina la zamani lilifutwa na Bunge miaka saba iliyopita, na jina jipya bado halijazinduliwa. Limo ndani ya bahasha, bahasha imo ndani ya sanduku, na sanduku limefungwa utepe likimsubiri mgeni rasmi apone nyonga. Kwa hiyo sisi wananchi tukiulizwa mpakani tunatoka wapi, tunasema "huko nyuma," na askari wa uhamiaji wa nchi jirani wameshatuzoea.

Msinicheke. Najua wapo watu wa kwingine watakaosoma haya na kusema, aa, hawa wamerukwa na akili. Nyinyi kwenu mnajenga daraja leo, kesho mnapita juu yake, hata hotuba hamjasikia. Huo nao ni ustaarabu? Kwetu ipo Sheria ya Uzinduzi, na inasema wazi kwamba kitu chochote cha umma hakitatumika, hakitaguswa wala hakitafaidiwa mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi mwenye hadhi inayolingana na kitu hicho. Kisima huzinduliwa na Mkuu wa Tarafa. Choo cha matundu sita huzinduliwa na Mkuu wa Wilaya, na kikizidi matundu sita anaitwa Mkuu wa Mkoa. Daraja la Mto Kirindi linamaliza mwaka wa nne na utepe wake huku na huku, na watu wanavuka pembeni, maji kifuani, viatu kichwani, wakilisifia daraja lao. Masika iliyopita wawili walichukuliwa na mto. Walikufa wakitii sheria, na Serikali ilituma salamu za rambirambi.

Mimi nilikuwa Mtunza Utepe wa Wilaya. Nilikuwa na sanduku la bati lenye tepe za rangi tatu, mto mwekundu wa kuwekea mkasi, na mkasi wenyewe, wa chuma cheupe, ambao haujawahi kukata kitu kingine chochote, hata ukucha. Mkasi huo siuachi. Natembea nao mfukoni pamoja na funguo zangu. Kazi yangu ilikuwa kufunga utepe kitu kinapofika, na kumkabidhi mgeni rasmi mkasi siku akija. Katikati ya siku hizo mbili, hata ziwe miaka kumi, nilikuwa nalinda. Watu waliniita Bwana Utepe. Wapo waliosema kwa dharau, lakini niliitika vilevile.

Basi. Mwaka mmoja Wizara ya Elimu, Marekebisho na Sherehe iligundua kwamba nchini kuna watoto wasioona. Kumbe walikuwapo siku zote! Ila hawakuwahi kuingia kwenye takwimu, kwa sababu fomu ya kuwahesabu iliandikwa juu: "Soma mwenyewe kisha ujaze." Wizara ikashtuka, ikasikitika, ikaunda kamati.

Kamati ya Kurekebisha Mtaala kwa Wanafunzi Wenye Mahitaji Maalumu ilikuwa na wajumbe kumi na tisa, wote wazima wa macho, masikio na miguu. Mmoja wao alivaa miwani, na kwa uzoefu huo akapewa uenyekiti. Walikaa miaka mitatu kwenye hoteli ya ziwani, wakiurekebisha mtaala ukurasa kwa ukurasa. Palipoandikwa "mwanafunzi aangalie ramani," wao, kwa kumjali mtoto asiyeona, wakaongeza "kwa ukaribu zaidi." Kwa mtoto kiziwi wakaweka "asikilize kwa bidii." Kwa mtoto asiyetembea, mbio za mita mia nne zikapunguzwa zikawa mia moja. Na kwenye sayansi, mada ya Mwanga na Kivuli, waliandika kwamba wasioona wafundishwe mchana. Mtaala ukatoka na jalada gumu la kijani, na maandishi yake madogo hata mimi yalinishinda.

Lakini tusiwe watu wa kulalamika tu. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili ulikuwa na jambo la maana. Ulisema kwamba mwanafunzi asiyeona atafanya mtihani wa darasa la saba kwa mashine ya nukta nundu. Nukta nundu, kwa asiyejua, ni yale maandishi ya vinundu juu ya karatasi ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole. Zamani mtoto wa namna hiyo alikaa na mwalimu, mwalimu akamsomea swali, mtoto akajibu kwa mdomo, mwalimu akaandika. Ukurasa huohuo ukafuta utaratibu huo wa kizamani, kwa sababu sasa kuna mashine. Tulipiga makofi.

Na kweli mashine ilikuja! Ilifika Shule ya Msingi Kirindi ndani ya boksi la mbao, nzito, ya rangi ya majivu, na vibonyezo vyake vikimetameta. Niliifunga utepe mwenyewe, wa rangi ya buluu, nikapiga fundo la maua mawili. Mwalimu Mkuu aliiweka ofisini kwake chini ya picha ya Rais. Mfagiaji aliruhusiwa kuipangusa vumbi kila Ijumaa, kwa sharti la kutobonyeza.

Asiyeona pale shuleni alikuwa mmoja tu, msichana, jina lake Sikudhani Chande. Alikuwa darasa la tano mashine ilipofika. Mrefu, mdomo haukai, na masikio yake, jamani, yalikuwa balaa. Siku ya kwanza tu nilipoingia uwanjani akasimama na kunigeukia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umenijuaje kama ni mtu mzima?"

"Unavuta miguu. Na mfukoni una mkasi unagonga funguo. Wewe ndiye Bwana Utepe, umetuletea mashine."

"Sijaileta mwanangu, nimeifunga."

"Basi ifungue."

Watoto wakaangua kicheko. Nilimweleza kwa upole kwamba kufungua ni kazi ya mgeni rasmi. Akauliza mgeni rasmi anatoka wapi. Nikamwambia anatoka juu. Akainua uso juu, akatega sikio, akasema hasikii mtu anashuka. Mtoto mtundu yule.

Mama yake alikuwa akikaanga vitumbua nje ya zahanati, na alikuwa na neno moja tu kwa kila mtu: mwanangu atakwenda sekondari. Iko sekondari ya wasichana, mbali, wilaya ya mwisho kabisa, inayopokea wasioona na kuwafundisha mpaka wakawa watu. Mlango wa kuingilia huko ni mtihani wa darasa la saba, na kwetu mtihani huo hufanywa mara moja tu maishani. Anayefaulu anachukuliwa. Asiyefaulu anarudi nyumbani, anakaa. Sikudhani alitaka kuwa hakimu. "Kazi ya hakimu ni kusikiliza," aliniambia, "na mimi nasikia kuwashinda wote hawa."

Mwalimu wake aliitwa Kalunde, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubishana. Aliposikia kwamba mashine haiguswi, alikwenda sokoni akaomba trei ya mayai, akaikata, akabakiza mashimo sita. Herufi za nukta nundu zote hutengenezwa kwa nukta sita, kumbe. Basi akamfundisha yule binti kwa trei na mbegu za ukwaju: mbegu moja shimo hili ni A, mbegu mbili hivi ni B. Baada ya hapo wakakusanya maboksi ya biskuti, na Sikudhani akawa anatoboa herufi kwa msumari, tik tik tik, na kusoma kwa vidole alichotoboa. Hakuna aliyezindua trei ile. Niliichunguza sheria nikaona mayai ni mali ya mtu binafsi, nikanyamaza.

Mwalimu Kalunde hakunyamaza. Aliandika barua kuomba mashine izinduliwe, nami ndiye niliyezipeleka kwa miguu yangu. Wilaya ilijibu kwamba jambo limepokelewa. Mkoa ukauliza hadhi ya mgeni rasmi, maana kwenye jedwali la sheria mashine ya nukta nundu haimo. Mwanasheria wa Wizara alikaa nalo mwaka mzima, akaamua kwamba mashine ni mashine, na mashine ya mwisho kuzinduliwa nchini ilikuwa ya kuchambua pamba, aliyoizindua Waziri. Kwa hiyo na hii ni ya Waziri. Shajara ya Waziri ilikuwa imejaa. Sikudhani akaingia darasa la sita.

Mwaka huo pakatokea kosa la jinai. Ijumaa moja mfagiaji aliona fundo langu la maua limesogea upana wa vidole viwili. Nikaitwa. Nilipima kwa rula, kweli limesogea. Wanafunzi wakapangwa mstari, na kabla hata sijauliza, Sikudhani akatoka mbele.

"Ni mimi, Baba. Nilipitisha mkono chini ya utepe."

"Ulibonyeza?"

"Sikubonyeza. Nimehesabu tu. Viko sita, vitatu huku na vitatu huku, na kimoja kirefu katikati. Vya baridi."

Aliyasema hayo huku anatabasamu, vidole vyake sita vimekaa hewani kama vinavyokaa juu ya vibonyezo. Niliandika ripoti ya kurasa nne. Mwalimu Kalunde akapewa onyo la maandishi kwa kushindwa kudhibiti vidole vya mwanafunzi, na mimi nikapewa pongezi. Fundo nikalirudisha mahali pake.

Sikudhani akiwa darasa la saba, mwezi wa Septemba, barua ikateremka. Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Marekebisho na Sherehe amekubali kwa ridhaa yake kuzindua Mtaala Uliorekebishwa pamoja na vifaa vyake, Shule ya Msingi Kirindi, Jumatano. Mwalimu Mkuu alicheza. Mama Sikudhani alipiga vigelegele pale zahanati mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani. Mwalimu Kalunde ndiye peke yake aliyeisoma barua mara mbili.

"Jumatano ndiyo siku ya mtihani," akasema.

Ala! Kweli. Mtihani wa taifa unaanza saa mbili na nusu asubuhi, siku ileile, saa ileile, nchi nzima. Mgeni rasmi anatarajiwa saa mbili kamili. Tukapiga hesabu: azindue saa mbili na dakika kumi, mashine ipelekwe darasani, binti akae, saa mbili na nusu huyo anaandika. Inawezekana! Lakini mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, na sijawahi kumwona mgeni rasmi saa mbili kamili. Nilikwenda kwa Mkuu wa Wilaya.

"Mheshimiwa, ikitokea Waziri amechelewa, je, mtihani utamsubiri yule mtoto?"

"Waziri hachelewi," alinijibu. "Wengine ndio huwahi."

"Naelewa, Mheshimiwa. Ila mtihani..."

"Mwambie utamsubiri."

"Utamsubiri kweli?"

"Mimi nimesema mwambie."

Nikaenda kumwambia. Nilimkuta nyumbani kwao anatoboa boksi la biskuti, mama yake anakoroga unga. Nikasema, Sikudhani, usiwe na wasiwasi, mtihani utakusubiri, utepe ukishakatwa tu utaanza. Akauliza, "Hata Waziri akichelewa?" Nikamwambia hata akichelewa. Mama yake akanifungia vitumbua sita kwenye gazeti, nami nikavila njiani vyote.

Jumatano hiyo hema lilisimamishwa uwanjani, meza ya mbele ikatandikwa kitambaa cheupe, na juu ya meza mashine, na juu ya mashine utepe mpya, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umepauka. Nyuma ya meza aliketishwa Sikudhani, sare imepigwa pasi, nywele zimesukwa upya. Kwenye ratiba aliandikwa "Mnufaika." Mnufaika haondoki mezani na mashine haiondoki kwa mnufaika, huo ndio utaratibu. Kutoka hema hadi mlango wa darasa la saba ni hatua ishirini na nane. Nilizipima baadaye.

Saa mbili ikapita. Wenzake wakaingia darasani na rula na kalamu zao, wengine wakimpungia mkono, wakasahau kwamba haoni. Msimamizi wa mtihani, kijana wa kutoka mkoani, alisimama mlangoni na bahasha kubwa kwapani.

"Nina karatasi ya nukta nundu hapa, ya mtahiniwa namba kumi na nne," akasema kwa sauti. "Yuko wapi?"

"Huyu hapa," Mwalimu Kalunde akajibu.

"Na mashine yake?"

"Hiyo hapo mbele yake."

"Basi waje. Saa mbili na nusu nafunga mlango, na nikifunga sifungui."

Mwalimu akamwambia yule kijana, mpokee na msumari wake, anatoboa haraka, nimempima. Kijana akafungua mtaala wa kijani, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akamwonyesha. Majibu ya msumari hayasahihishwi. Uso wake ulikuwa na huruma, nakiri, lakini huruma haiko kwenye ule ukurasa.

Hapo ndipo Mwalimu Kalunde akanijia. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige.

"Kaka," akasema, "kata."

"Kata nini?"

"Unajua. Mkasi unao. Kata, huyu mtoto aingie, akitoka tutaifunga tena. Unajua kufunga wewe. Waziri atakata utepe uleule, hatajua."

"Mwalimu, unaniambia nivunje sheria mbele ya watu."

"Nakuambia ukate uzi wa kitambaa."

"Nina watoto watano," nikamwambia. "Nimebakiza miaka minne nistaafu."

"Na huyu ana dakika sita."

Nikamtazama Sikudhani. Alikuwa amegeuza uso upande wetu, amesikia kila neno, maana yule hakosi kitu. Nilitia mkono mfukoni, nikaushika mkasi. Wenzangu, niliushika kweli. Nikawaza nyumba yangu ya Wilaya, nikawaza pensheni, nikawaza ripoti itakayoandikwa juu yangu na mtu anayepima kwa rula. Kengele ikalia. Mlango wa darasa ukafungwa, na kitasa kikasikika hadi hemani.

"Baba," Sikudhani akaniita taratibu, "ulisema mtihani utanisubiri."

"Utakusubiri," nikasema.

Mwalimu Kalunde alinitemea mate miguuni. Sikuripoti.

Saa nne ilipita, saa sita ikapita. Kwaya iliimba wimbo wa Mtaala mara kumi na moja. Jua liliingia chini ya hema, binti akasogezewa maji, akanywa kidogo, mikono akairudisha mapajani. Saa nane kengele ikalia tena, mlango ukafunguka, na watoto wa darasa la saba wakamwagika uwanjani wakiulizana, wewe swali la arobaini umejibu nini? Mwalimu Mkuu aliwafukuza mbio wasiharibu sherehe.

"Wametoka?" Sikudhani akauliza.

"Hao ni wa darasa la tano," nikamwambia.

Alikuwa amesoma na watoto hao miaka saba, na alimjua kila mmoja kwa nyayo zake.

Mheshimiwa Waziri aliwasili saa tisa na robo, magari kumi na manne, ngoma, saluti. Alisema amechelewa kwa sababu ya wingi wa mapenzi ya wananchi njiani. Hotuba yake ilikuwa nzuri mno. Alisema Serikali haimwachi mtu nyuma. Alisema zamani watoto wa aina hii walikuwa wakifichwa majumbani, leo wako mbele, mezani, kwenye kitambaa cheupe. Alisema anajisikia kulia, akatoa leso, wapiga picha wakasogea. Kisha nikapiga hatua tatu na mto mwekundu, nikainama, akachukua mkasi, akakata.

Ilichukua sekunde moja, jamani. Miaka mitatu nimelinda kitu cha sekunde moja.

Ikafuata risala ya mnufaika. Ilikuwa imeandikwa Wilayani na kupitishwa na watu watano, na Mwalimu Kalunde aliamriwa aitoboe kwenye kadi ili binti aisome kwa vidole. Tulikuwa roho juu, Mkuu wa Wilaya na mimi, tukidhani labda mwalimu ametoboa mengine. Wapi! Sikudhani aliisoma neno kwa neno kama ilivyopitishwa, sauti imenyooka: "Naishukuru Serikali yangu sikivu kwa kuniletea mashine hii, iliyoniwezesha kufanya mtihani wangu leo hii sawa na watoto wenzangu." Uwanja mzima ukasimama kupiga makofi. Mama yake hakusimama. Alikuwa amekaa chini karibu na spika, khanga mdomoni.

Alipomaliza, kadi aliiweka pembeni. Akanyoosha mikono, akaipata mashine, akatandaza vidole vyake, vitatu huku, vitatu huku. Akakaa sawasawa kitini.

"Niko tayari, Mheshimiwa," akasema. "Swali la kwanza."

Watu wakacheka kwa furaha. Mpaka leo sijui kama alinisadiki mimi mpaka dakika ile, au alikuwa anatuuliza sisi sote. Waziri alidhani ni sehemu ya ratiba, akafurahi kupita kiasi.

"Haya binti, swali la kwanza! Andika jina la Waziri wako wa Elimu!"

Mashine ikalia, taka taka taka, kwa mara ya kwanza. Aliandika mistari mitatu. Waziri akaichomoa karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akaiinua juu kuwaonyesha wananchi.

"Mnaona wenyewe? Hakuna hata kosa moja! Mia kwa mia!"

Jioni ileile niliifunga mashine utepe mwingine. Mashine iliyonunuliwa ni moja na wilaya ziko thelathini, kwa hiyo iliingizwa kwenye gari la mwisho la msafara, kwenda kuzinduliwa wilaya ya pili. Matokeo yalipotoka, mbele ya namba kumi na nne paliandikwa "Hakufika." Mimi kwa utendaji wangu uliotukuka nilipandishwa cheo, nikahamishiwa Wizarani, mjini, na mkasi wangu.

Huko ndiko nilikoikuta ile karatasi. Imetiwa kwenye fremu ya kioo, imetundikwa ukutani kwenye Ukumbi wa Mafanikio, na chini yake pameandikwa kwa dhahabu: "Jina la Waziri, kwa mkono wa asiyeona." Fremu imefungwa utepe ulionakshiwa, maana ukumbi huo utazinduliwa na Rais mwenyewe. Meza yangu iko chini ya fremu hiyo. Ndiyo ninayoilinda.

Mwezi uliopita, saa nane mchana, niliona watu wawili wanaingia wameshikana mikono. Mwalimu Kalunde alikuwa amekonda. Sikudhani alikuwa amenizidi urefu, na mikono yake ilinuka mafuta ya kukaangia vitumbua.

"Shikamoo, Baba," akasema kabla sijafungua mdomo.

Nikaitikia. Mwalimu akaniwekea barua mezani. Kamati ya Rufaa ya Mitihani imekubali kumsikiliza. Ikipatikana karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba siku ile, kwenye eneo la mtihani, mtahiniwa namba kumi na nne alikuwapo na alikuwa tayari, basi atapewa mtihani mwingine. Ushahidi ufike kabla ya saa tisa na nusu leo, dirisha linafungwa. Ofisi yao iko ghorofa ya chini.

"Karatasi yangu iko wapi?" Sikudhani akauliza.

"Iko mbele yako ukutani."

Akanyoosha mkono, akapapasa. "Hapa ni laini," akasema. "Ni kioo."

"Karatasi iko nyuma ya kioo. Lakini hiyo itakusaidia nini mwanangu? Ni jina la Waziri."

Mwalimu Kalunde akasogea karibu na fremu, yeye huzisoma nukta kwa macho, akanisomea polepole, mstari kwa mstari.

"Namba ya mtahiniwa kumi na nne, Sikudhani Chande. Swali la kwanza. Nangoja."

Mwaka mzima nimekaa chini ya maneno hayo, nikiyapangusa kila asubuhi kwa kitambaa laini.

"Kata utepe, Kaka," mwalimu akasema. "Huu mmoja tu."

Nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Nikatazama utepe, nikatazama picha ya Rais. Nikawaambia kwamba nitaandika dokezo kuomba kibali cha Ikulu, na kwa sasa wakae kwenye benchi wasubiri. Mwalimu Kalunde akafumba macho. Sikudhani hakwenda kwenye benchi. Alibaki amesimama mbele yangu, ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza.

"Mkasi bado unao," akasema. "Nausikia unagonga funguo."

Nikautoa mkasi mfukoni, nikautia mfuko wa pili, peke yake, usigonge tena.